Mgeni wa Siku Tatu: Vidokezo 12 vya Kufuga Wadudu Likizo Hii

Shule zimefungwa. Mvua za vuli zimepita Pugu na kila kitu kimeamka: jongoo wanapanda ukuta wa choo cha nje, konokono wamejaa kwenye karo, na umeme ukirudi usiku kumbikumbi wanagombania taa ya barazani. Watoto nao wapo nyumbani kutwa. Chai haijapoa, tayari wanauliza, "Mama, leo tufanye nini?" Unaweza kuwapeleka tuisheni. Unaweza kuwapa simu, halafu ukaidai mpaka Januari. Unaweza pia kuwapa kopo tupu na kuwaambia watoke nje.

Wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa wageni wa kwenye kopo nimeligeuza kidogo: ya tatu msindikize kwao. Mdudu akiingia nyumbani hajawa mali ya mtoto, ni mgeni wake. Na mgeni tunajua anavyotunzwa. Anaandaliwa pa kulala, anaulizwa chakula chake, hachezewi ndevu, na siku yake ya kuondoka inajulikana. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

1. Andaa chumba kabla mgeni hajafika

Watoto hufanya kinyume. Wanakamata kwanza, chombo wanatafuta baadaye, na mwisho wake jongoo analala kwenye kikombe cha baba. Asubuhi ya kwanza iwe ya kujenga. Kopo la plastiki lenye mdomo mpana linafaa, ndoo ya rangi iliyosuguliwa mpaka harufu ikaisha inafaa, na chupa ya maji ya lita tano iliyokatwa ubavuni inafaa pia. Chini tandaza udongo wenye unyevu, juu yake majani makavu na kipande cha gome apate pa kujificha. Funika kwa kitambaa chepesi cha pazia, kaza kwa raba bendi. Kopo likae kivulini, chini ya benchi la barazani. Ukiliacha kwenye jua la saa sita, umemweka mgeni kwenye sufuria.

Kuna angalizo moja ambalo nimelilipia. Mwaka wa kwanza nilikata kipande cha chandarua chakavu nikafunikia viwavi watatu. Nilijiona mjanja: hewa inapita, macho yanaona, gharama hakuna. Asubuhi wote watatu walikuwa wamelegea chini ya kopo kama vipande vya uzi. Chandarua kile kilikuwa cha dawa, na dawa inayomwua mbu haimwulizi kiwavi jina lake. Tangu siku hiyo chandarua ni marufuku kwenye makopo yetu, na chumba chenye mgeni hakipuliziwi dawa wala hakichomwi ya kufukuza mbu.

2. Anza na jongoo

Jongoo ni mgeni wa darasa la awali: haumi, haruki, hakimbii. Wale weusi wanene wanaong'aa wa ukanda wetu wa pwani wamo kwenye orodha ya majongoo wakubwa kuliko wote duniani. Aliyekomaa vizuri anaweza kuizidi rula ya shule, ile ya sentimita 30. Chakula chake hakikugharimu kitu: majani yanayooza, kipande cha tango, ganda la papai. Udongo uwe wa kina cha vidole vinne, maana anapenda kujifukia.

Mlaze kwenye mfuniko mweupe, watoto wainame mpaka macho yao yalingane naye. Ile miguu haiendi hovyo. Inakwenda kwa mawimbi, wimbi likifuata wimbi, kama upepo unavyopita juu ya shamba la mpunga. Waulize: wimbi linaanzia mkiani au kichwani? Usiwajibu. Watabishana nusu saa, nawe utamaliza kuchambua mchele. Mpwa wangu wa darasa la pili alimtazama mmoja akipita, akatoa hukumu: "Shangazi, hii siyo SGR. Hii ni treni ya mizigo." Mtoto aliyekulia karibu na reli ya Pugu anajua anachosema.

Kisha wahesabu miguu kwenye pingili moja ya katikati. Watakuta jozi mbili. Hapo ndipo unapowachomekea somo: kwa lugha ya nyumbani kila kinachotambaa ni mdudu, lakini mdudu wa kitabuni ana miguu sita tu. Buibui ana minane. Jongoo amezidisha.

Akiudhika hujikunja kama kata ya kubebea ndoo na kutoa maji ya kahawia yanayopaka vidole kwa siku kadhaa. Yasifike machoni. Sabuni na maji mara moja, kisha mchezo uendelee.

3. Kagua mndimu

Kama uani una mndimu, mlimau au mchungwa, maabara unayo tayari. Geuza majani machanga. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe, usikipanguse. Subiri. Kikianza kutafuna jani, ujue si kinyesi. Huyo ni kiwavi mchanga wa kipepeo mkubwa wa njano na nyeusi unayemwona kila siku kwenye maua. Sura ile chafu ndiyo ngao yake, kwa sababu ndege hana hamu na kinyesi. Akikua anabadili vazi na kuwa kijani, rangi ya jani lenyewe. Mguse kidogo nyuma ya kichwa kwa ncha ya kijiti. Inachomoza ghafla pembe laini ya rangi ya chungwa, yenye matawi mawili kama ulimi wa nyoka, pamoja na harufu kali ya chungwa lililochacha. Binti yangu alipiga yowe, akacheka, akataka kumgusa tena. Mara mbili inatosha. Mgeni hatishwi ili wenyeji wacheke.

Huyu ndiye peke yake anayeruhusiwa kupitisha siku tatu, kwa sababu huwezi kumshusha abiria katikati ya pori. Mkatie tawi la mti uleule ulikomkuta. Kiwavi wa mndimu ukimpa mchicha atakufa njaa huku amezungukwa na mboga. Chomeka tawi kwenye chupa ndogo ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa karatasi asije akazama, na ubadilishe majani kila siku. Hakikisha mti haujapigwa dawa.

Siku moja ataacha kula, atazunguka kopo kama aliyepoteza funguo, kisha atajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni, kama fundi wa umeme na mkanda wake juu ya nguzo. Anakuwa pupa. Zinafuata kama wiki mbili za kimya, na hapo ndipo watoto hukata tamaa. Waambie wavumilie. Akitoka, mabawa yake yatakuwa yamekunjamana kama kanga iliyotoka kufuliwa. Msimsaidie kuyanyoosha hata kwa huruma, kwa sababu mabawa machanga yakishikwa huharibika moja kwa moja. Ananing'inia, anayajaza mwenyewe, yanakauka. Kitambaa kikiondolewa, anajua njia.

Jirani akikuuliza mambo hayo yana faida gani, mpeleke kwa hadithi mpaka Gede, pwani ya Kenya. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa kutoka kwa wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauzia wenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Wakulima wa Amani, kule Usambara Mashariki, nao waliingia kwenye kazi hiyo, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi na biashara ikasimama. Wazazi wengi walilipa ada kwa kiwavi.

4. Konokono: mgeni mwenye nyumba yake

Kitendawili? Tega. Anatembea na nyumba yake. Watoto wa Pugu hawahitaji kufikiri, wamemkanyaga asubuhi wakienda dukani. Yule mkubwa wa kahawia asili yake ni Afrika Mashariki hii hii, na kutoka hapa amesambaa nusu ya dunia.

Mweke juu ya kipande cha kioo, mtoto atazame kwa chini. Ataona mguu mmoja mpana unaotetemeka kwa mistari ya kivuli, mstari baada ya mstari, na ute unaomtelezesha. Mpe jani la papai, mchicha, ganda la yai lililosagwa (ndilo linalomjengea nyumba) na kipande cha karoti. Kesho yake waambie wakague choo chake. Akila karoti, choo ni cha rangi ya chungwa. Akila mchicha, kijani. Hilo ndilo jaribio linalopendwa kuliko yote nyumbani kwetu, na sina la kusema.

Sharti moja tu: konokono anaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Hashikwi kwa mkono unaokula muhogo. Ukimaliza, sabuni mpaka kiwiko. Na konokono wa majini, wa kwenye madimbwi na mifereji, asiguswe kabisa, kwa sababu baadhi yao ndio wanaolea vimelea vya kichocho.

5. Lala kifudifudi upenuni

Sehemu mvua isipofika, chini ya upenu, mchanga ni mkavu na laini kama unga. Humo kuna vishimo vidogo vya umbo la faneli. Mwenye navyo amejificha chini kabisa na taya zake mbili, akisubiri sisimizi ateleze. Sisimizi akijaribu kupanda, anarushiwa mchanga mpaka aporomoke. Watoto wanaweza kuangalia vita hivyo saa nzima bila kuomba simu.

Mchote pamoja na mchanga wake, mweke kwenye bakuli pana, mwache usiku. Asubuhi amechimba kishimo kipya. Mtoe kidogo juu ya karatasi: anatembea kinyumenyume, kama dereva wa lori anayetafuta geti. Na kuna siri watoto hawaisahau. Kwa muda wote wa utoto wake hajisaidii haja kubwa. Anazihifadhi mpaka siku anapogeuka kuwa mdudu mwembamba mwenye mabawa.

6. Vunjajungu, na ruhusa ya bibi

Nilipoleta vunjajungu wa kwanza ndani, mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mchele. Akasimama. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kopo, kisha akamwambia mjukuu wake wa kiume kwa utani wao, "Mume wangu, huyo akikugusa utavunja vyungu vyote vya nyumba hii. Jina lake hulijui?"

Usibishane na bibi mbele ya watoto. Mwambie ukweli: jina ni la wazee, imani ni ya wazee, na sisi hatutamshika, tutamtazama. Kisha waambie watoto wamwombe bibi awasimulie mengine. Kati ya jongoo na kinyonga nyumba yangu ilipata jioni tatu za hadithi.

Vunjajungu ataka chombo kirefu chenye kijiti, maana hukaa akining'inia. Akae peke yake. Ukimweka na mwenzake, asubuhi utakuta mmoja ameshiba. Mpe nzi hai. Kaa upande wake wa kulia, kisha hamia wa kushoto: anakugeuzia kichwa, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi. Ni mgeni pekee anayekutazama kama vile yeye ndiye mwenye kopo.

Kwa faida ya historia niseme kwamba siku ya pili sahani ilivunjika kweli. Niliivunja mimi. Bibi hakusema neno, alinitazama tu.

7. Viluwiluwi: jua unamfuga nani

Kiswahili kimetupa neno moja kwa watoto wa aina mbili. Kiluwiluwi wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia. Kiluwiluwi wa mbu ni kama uzi, ananing'inia juu ya maji na kujipindapinda ukimsogelea. Wa kwanza ni mgeni. Wa pili ni mwizi, na anahitaji kama wiki moja na ushei tu kutoka yai mpaka mabawa. Dar es Salaam iliipata dengi mwaka 2014, ikaipata tena 2019, na mbu wake anapenda hasa maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo beseni la viluwiluwi lifunikwe kwa kitambaa, maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili kwa maji ya dimbwi lilelile, na siku ya tatu wote warudi dimbwini.

Wakiwa wanawatazama, wasimulie chura wa Kihansi. Ni chura mdogo wa kama ukucha wa dole gumba, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na kwingine kokote hayupo. Hana kiluwiluwi, anazaa vyura wadogo waliokamilika. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walisafirishwa mpaka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na wakatunzwa kwenye matangi ya kioo. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010, vyura 100 walirudi nyumbani kwa ndege, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wakaanza kurudishwa bondeni kwao.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Nani alikuwa anawabadilishia maji?" Kuna mtu alikuwa anawabadilishia. Kila siku, miaka kumi.

8. Usiku wa kumbikumbi, laleni mkiwa mmechelewa

Hii ni likizo. Mvua ikikata jioni na kumbikumbi wakatoka, zima taa zote, bakiza moja ya nje, weka beseni la maji chini yake. Waambie watoto wahesabu mabawa: manne, yanalingana, yanabanduka kwa kuguswa tu. Dakika chache baadaye sakafu imejaa mabawa na wenyewe wanatembea wawili wawili, jike mbele, dume nyuma. Hao wanatafuta kiwanja. Wakifanikiwa, yule wa mbele ni malkia wa kichuguu cha kesho, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi.

Chukua jozi moja, waweke kwenye chupa angavu yenye udongo wa unyevu. Asubuhi wamechimba. Siku ya tatu wasindikize, na wao hasa wasindikize mbali na mbao za paa lako. Waliobaki kwenye beseni, majirani zetu wa kutoka bara wanajua chumvi ni kiasi gani na moto uwe wa namna gani. Mgeni kuishia kikaangoni ni kinyume na kanuni yetu, nakubali. Tumekubaliana nyumbani kwamba walioingia kwenye kopo ni wageni, walioingia kwenye beseni ni kitoweo.

9. Wasioalikwa

Orodha hii ibandikwe kwenye mlango wa jokofu, na mtoto aikariri kabla ya kupewa kopo:

- Nge na tandu, hata wadogo.
- Siafu, nyuki na nyigu.
- Kiwavi yeyote mwenye manyoya. Uzuri wake ni wa macho, vidole vitawasha usiku kucha.
- Mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi kama shanga. Haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi majimaji yake yanaunguza. Mpulize, usimpige.
- Nyoka wa aina yoyote. Ukimwona, rudi nyuma na umwite mtu mzima.
- Popo, pamoja na mapango wanamolala kwenye machimbo ya zamani.

Mkono hauingii pasipoingia jicho. Jiwe au gogo linapogeuzwa, shika ukingo wa mbali, livute kuja kwako, ili kilichomo chini kipate njia ya kutokea upande wa pili. Viatu miguuni, si kandambili.

10. Uani ni kwako, msituni si kwako

Pugu tuna bahati ya kupakana na msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Nenda na watoto, lipeni kiingilio, tembeeni, chunguzeni kwa macho. Lakini kopo libaki nyumbani. Sheria ya Misitu ya 2002 haikuachii uchukue unachotaka kwenye hifadhi bila kibali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inalinda wengine popote walipo. Kobe, kinyonga, ndege na komba si wakazi wa kopo hata wakikutwa kwenye mwembe wako.

Na wewe wa Sinza au Temeke unayesema huna uani, nakuelewa. Kopo la mchicha kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu linatosha. Lina panzi, lina buibui, na ukiinua kopo utakuta kijiji.

11. Daftari moja, safu tatu

Simu hupiga picha mia ambazo hakuna atakayezitazama. Daftari la shilingi chache humlazimisha mtoto kutazama mpaka aone. Chora mistari miwili kupata safu tatu: *Nimeona. Nadhani. Nitajaribu.* Tarehe juu. Picha achore mwenyewe, hata jongoo akitoka kama mkufu. Kosa la kuchora ndilo linalomrudisha kwenye kopo kuhesabu upya.

Kazi yako mzazi ni ngumu zaidi: nyamaza. Jane Goodall, aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, alipokuwa mtoto wa kama miaka minne kule Uingereza alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walishamtafuta mpaka wakataarifu polisi. Alipotokea amejaa majani makavu, mama yake hakumchapa. Alikaa akasikiliza habari ya yai. Miaka mingi baadaye, mwaka 1991, binti yule alianzisha hapa hapa Dar es Salaam mpango wa vijana wa Roots & Shoots. Fikiria kama siku ile angepigwa kofi.

Jirani yangu mpenda tuisheni bado alitaka kujua wadudu watamfikisha wapi mtoto. Nikamkumbusha kwamba mwalimu mashuhuri kuliko wote waliowahi kufundisha Pugu, yule aliyeacha chaki mwaka 1955 akaenda kudai uhuru, kabla ya kuja huku alifundisha baiolojia Tabora. Akacheka. Jumatatu mwanawe alikuja na kopo.

12. Msindikize mpaka kwao

Siku ya tatu imefika. Mgeni anarudi palepale alipotolewa, chini ya mkorosho uleule, si mtaa wa pili. Sababu ni hii.

Mwaka 1966 kijana mmoja wa Miami, jimbo la Florida, alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu, ndugu wa hawa wa kwenye karo lako. Walipomchosha, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamefika zaidi ya 18,000, na ilichukua mpaka 1975 na zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza. Bibi yule hakuwa na ubaya. Aliwasindikiza wageni mahali ambapo si kwao, basi.

Akifa kabla ya siku yake, kama viwavi wangu, mzikeni, na kwenye daftari iandikwe sababu. Kisha osha kopo, lianike, mvua nyingine inakuja. Utagundua jambo: mtoto aliyesindikiza jongoo anarudi kesho chini ya mkorosho, safari hii bila kopo, kwenda kumsalimia mgeni wake nyumbani kwake.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikasikia bibi anaita kwa sauti ya juu, "Nyie wajukuu, njooni upesi, vunjajungu kwenye mpapai, anakula!" Watoto wakatoka mbio na daftari. Nami nikachungulia. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mti, mkono mmoja unaelekeza jani, macho hayabanduki. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia chungu cha maharage, amekiondoa kwanza mekoni.